Maswali yenu: filme gani ya siansi-fiksio, zile za kubuni juu ya sayansi na miaka inayokuya, inapita zote?

*Yaya, jambo sana. Miye na bandugu yangu babili tuko tunabishana tangu siku ya matanga kwetu Katuba, batu bakaacha hata kucheza karata juu ya kutusikiliza. Mukubwa anasema hakuna filme ya siansi-fiksio inaweza kupita 2001: A Space Odyssey, wa pili anasema ile filme inalalisha batu, Terminator 2 njo yenyewe, miye ninasema ni Matrix. Mama alishatukataza kutaja filme kwenye meza. Tafazali utukatie maneno. (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)*

Mudogo yangu, mama eko na haki ya kuchoka, lakini mabishano yenu ninayapenda sana, juu hapa Lubumbashi mambo ya filme tunayabishania kama mechi ya Mazembe na Lupopo, kila mtu na timu yake ya tangu utoto.

Nianze na mukubwa wenu. Hiyo 2001 niliiona mara ya kwanza kwenye nyumba ya video kule commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, benchi za mbao, dirisha limefungwa na bashi, tumelipa tuone vita ya anga. Tukaona manyani yanagombania kidimbwi cha maji. Hakuna neno. Dakika zinapita, bado hakuna neno, yule mtafsiri wetu aliyezoea kupiga kelele juu ya kila filme akabaki na mikro mkononi hana kitu cha kutafsiri, batu wakaanza kupiga miluzi, mwenye nyumba akatoa kaseti akaweka ya karate. Baadaye sana njo nikajua kwamba karibu dakika 25 za kwanza hakuna mtu anayefungua kinywa, Kubrick aliitengeneza vile makusudi.

Kiisha miaka mingi nikaiona tena, usiku, peke yangu ndani ya chandarua, kwenye telefone na visikilizio masikioni, na kitu kilichonikamata ni pumzi. Pumzi tu ya yule mwanaanga ndani ya kofia lake, inaingia inatoka, inaingia inatoka, na nje kimya kabisa kwa sababu kule juu hakuna hewa ya kubeba sauti. Filme ilitoka 1968, mwaka mmoja mbele ya Armstrong kukanyaga mwezi, na mpaka leo filme nyingi bado zinatupigia mabomu yenye kelele mahali ambapo hakuna sauti. Halafu kuna HAL, ile kompyuta inayokataa kumfungulia mtu mlango kwa sauti ya upole kama muuguzi, na siku anazimwa anaanza kuimba wimbo wa Daisy Bell, pole pole, sauti inazama. Ule wimbo haukuokotwa njiani, mwaka 1961 kompyuta ya IBM iliimba wimbo huo huo kwenye maabara ya Bell kule Marekani. Kwa hiyo mukubwa wenu hakosei, ila asilazimishe batu waione wakiwa bamechoka na kazi.

Wa pili naye na Terminator 2 yake ya 1991, batu wengi wanakumbuka yule polisi wa chuma anayepita kwenye vyuma vya mlango kama maji, miye nakumbuka ndoto ya Sarah Connor, yule mama wa kwenye filme, ameshika uzio wa kiwanja cha watoto, anapiga kelele hawamsikii, halafu mwanga wa bomu unakuja. Ukiniambia ile filme ni bunduki tu nitakuuliza kama ulikuwa unaangalia ama ulikuwa unakula karanga. Matrix yako ya 1999 ni nzuri, naipenda, lakini ile ya kwanza peke yake, hizo zilizofuata nikuachie.

Sasa miye kura yangu haiko kwa mmoja wenu. Kura yangu ni Godzilla, ile ya Japani, ya 1954, nyeusi na nyeupe. Najua utasema Yaya ule ni mjusi wa plastiki anavunja manyumba. Subiri nikueleze.

Mwezi wa tatu 1954 Marekani ilijaribu bomu ya haidrojeni kule Bikini, bahari ya Pasifiki, majivu yake yakaangukia mashua ya wavuvi wa Japani waliokuwa wanajitafutia samaki tu, wakagonjwa wote, na mwezi wa tisa mwendesha redio wao akafa. Mwezi wa kumi na moja filme ikatoka. Mwanzo wake kabisa ni mashua inayochomwa na mwanga kutoka baharini, na batu waliokaa sinema ile siku walijua vizuri ni mashua gani wanaikumbuka. Mnyama mwenyewe ameamshwa na mabomu. Mtu aliyekuwa ndani ya lile vazi la mnyama alibeba karibu kilo 100 mwilini, ule mngurumo waliupata kwa kusugua nyuzi za besi kubwa na glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo, lakini kuna pahali hakuna mnyama kabisa na njo panauma zaidi: hospitali imejaa, batu wamelala chini kwenye mikeka, daktari anasogeza kipima mionzi karibu na mtoto mdogo, kinalia, daktari anatikisa kichwa. Basi. Mtoto bado eko anaangalia.

Mudogo yangu, uraniumu nyingi ya ile bomu ya Hiroshima ya tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka wapi? Shinkolobwe, hapa kwetu, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, ile kampuni ya Wabelgiji ya machimbo, alishatuma zaidi ya tani 1,000 za yale mawe New York, yakakaa ndani ya ghala miaka miwili, hata Waamerika wenyewe walikuwa hawajajua watayafanyia nini. Mawe yalichimbwa na mikono ya babu zetu ambao hakuna mtu aliyewaambia wanabeba nini kwenye mabega. Njo maana miye siwezi kuiangalia ile hospitali ya kwenye filme kama mambo ya mbali, ninaona barabara ya kutoka Likasi.

Na mwisho wake ndio umenifanya niiweke juu ya zote. Daktari Serizawa ametengeneza silaha inayoweza kuua yule mnyama, lakini anaogopa, anajua wakubwa wa dunia wakiiona mara moja wataitaka. Anakubali itumike mara moja tu, anachoma makaratasi yake yote, anashuka baharini, halafu anakata mwenyewe mupira wake wa hewa ili ile siri isirudi juu. Niambie ni filme gani nyingine inayomuuliza mwanasayansi swali kama hilo na inamfanya alijibu na mwili wake.

Angalizo moja, muwe waangalifu, 1956 Waamerika waliikatakata, wakamuingiza Raymond Burr wa kusimulia, maneno mengi ya mabomu yakapotea. Mutafute ile ya Kijapani ya 1954, dakika 96. Na mama mumuite aione nanyi.

*Yaya, babu yangu anasema zamani huku kwetu Katanga walirusha roketi ya kweli. Wajukuu tunamucheka tunasema ameona Star Wars. Nani eko na haki? (Msomaji wa Ruashi)*

Babu! Muende mumuombe samahani leo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kama kilomita za mraba 100,000 kaskazini ya Shaba, hii Katanga yetu, kwenye uwanda wa juu wa mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa tano 1977, mwezi ule ule Star Wars ilitoka Marekani. Nyingine ya 1978 ilianguka Mobutu mwenyewe akiangalia, na 1979 mambo yakafungwa, juu Wasovieti na majirani walikuwa wanalalamika wanasema hayo ni makombora. Mumuulize babu mengine na mumrekodi kwenye telefone wakati bado eko na sauti.

*Binti yangu wa miaka 15 anapenda hizi filme lakini anasema "Mama, mbele kule kwenye miaka inayokuya sisi hatuko." Kuna za kwetu? (Mama mmoja wa Kamalondo)*

Mama, ziko. Ya kubwa kwangu ni Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa Rwanda, hadithi yenyewe iko Burundi. Inaanza kwenye machimbo ya koltani, yale madini ya kutengenezea telefone na kompyuta, kijana mmoja anasimama kidogo kuangalia jiwe alilolitoa, mlinzi anamuua hapo hapo, ndugu yake anakimbia na anafika kijiji kilichojengwa na vipande vya kompyuta zilizotupwa. Wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, wanachanganya vile tunavyochanganya. Iko na mambo ya watu wakubwa, uione kwanza mwenyewe.

Ya kuanza naye ni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa inchi ya Kenya, 2009, dakika kama 20, ataimaliza mbele umeme haujakatika. Dunia imekauka, batu wanakunywa jasho lao lililosafishwa, na msichana Asha anapata udongo kidogo ambao bado una uhai. Anatoroka nao jangwani na mbegu moja. Anachimba kwa mikono, anaupanda mche, anaumwagia maji ya mwisho aliyonayo, halafu anakamua jasho la kitambaa chake juu yake, tone, tone.