Ukarabati wa jiko huchukua muda gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, jiko la nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, lina meza ya zege na rafu zilizoliwa na mchwa. Tunataka kuivunja meza, kuhamishia sinki chini ya dirisha, kubadilisha marumaru na kuweka makabati yenye kaunta ya graniti. Fundi anasema wiki mbili zitatosha. Jirani yetu alikaa miezi mitatu bila jiko. Mwishoni mwa Juni tunamuaga binti yetu. Tukianza sasa, mwezi wa Aprili, tutawahi?
Mama wa Tabata

JIBU: Mama yetu, fundi wako amehesabu siku za kushika mwiko, akaziacha siku za kusubiri, nazo ndizo nyingi. Kama mngebadilisha milango ya makabati na kupaka rangi tu, wiki mbili zingetosha. Kwa kazi uliyoieleza, tengeni wiki tano hadi nane tangu siku ya kuvunja.

Kuvunja kwenyewe ni kazi ya siku mbili. Sinki likihama, bomba la maji machafu lazima lifuate, na kwa kuwa linahitaji mteremko wa takriban sentimita mbili kwa kila mita, sakafu itakatwa na kuzibwa upya kwa zege ambalo linapaswa kumwagiliwa maji kwa muda wa siku saba hivi. Nyaya za umeme, pamoja na laini ya peke yake ya jiko la umeme kama mnalo, zipite ukutani kabla ya lipu. Lipu nayo humwagiliwa kwa siku kadhaa, kisha huachwa ikauke, na wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba rangi iliyopakwa kwa haraka hutoa malengelenge.

Kinachochelewesha kuliko vyote, hata hivyo, ni makabati. Seremala akishapokea malipo ya awali huwa na wateja wengine kabla yenu, na mninga usiokauka vizuri hujipinda baada ya kufungwa. Graniti haipimwi mpaka makabati ya chini yamefungwa na kusawazishwa, kwa sababu kuta zetu ni nadra kunyooka kama zilivyo kwenye mchoro. Baada ya kupima, kukata na kutoboa tundu la sinki huweza kuchukua wiki nzima.

Kwa hiyo msianze kwa nyundo. Mwezi huu mwagizeni seremala apime, akiacha nafasi ya sentimita mbili hivi kila upande kwa ajili ya lipu na marumaru. Nunueni marumaru zote kwa pamoja, na ziada ya sehemu moja ya kumi, kwani toleo jingine huweza kutofautiana rangi. Katikati ya Mei nendeni karakana mkayaone makabati kwa macho. Yakiwa tayari, vunjeni, na mtakuwa na wiki sita. Yasipokuwa tayari, iacheni meza ya zege mpaka Julai: pilau ya wageni, kwa vyovyote, itapikwa uani.