Entebbe hadi Arua kwa ndege

Dada, umeuliza Entebbe hadi Arua, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni umbali gani kwa ndege, na kama ukiondoka asubuhi utawahi harusi ya saa nane. Angani ni kama kilomita 370. Ndege ndogo za pangaboi hazina mbio za zile kubwa, kwa hiyo hesabu saa moja, pengine na robo. Kwa basi, kupitia Karuma na Pakwach, ni karibu kilomita 500. Kinachokula muda hasa ni kufika Entebbe. Foleni ya Kampala asubuhi haina huruma. Pima begi nyumbani, mara nyingi wanaruhusu kilo 15 tu (gomesi, lile gauni refu la sherehe, na mshipi wake si jepesi!). Mimi ningeruka siku moja kabla, maana mawingu yakifunga, ndege ndogo hungoja chini.