Kumdaka mtu na kumtupa ni rafu?

SWALI: Habari yako mhariri wa gemu. Nacheza Street Fighter II, ile gemu ya kupigana wawili, na washkaji kwenye mashine, sasa mimi staili yangu nakugusa na kiteke kidogo, ukiblok tu nakudaka nakutupa chini, ukiamka nakufanyia vilevile. Wameanza kelele, eti rafu, eti kudaka ni kwa wasiojua gemu, na mmoja kagoma kabisa kucheza na mimi. Hivi hiyo sheria ipo kweli au wamechukia tu kupigwa?

JIBU: Wamechukia tu bwana. Ila hauko peke yako, ugomvi huu una umri sawa na gemu yenyewe, tangu 1991 inatoka watu walishaanza kununiana kwa kudakwa. Fikiria kidogo, kublok kunazuia pigo, kudaka kunamkomesha anayeblok, na pigo la haraka linamuwahi anayekuja kudaka. Sasa ukitoa kudaka hapo katikati inabaki nini? Mtu anatangulia kwa damu kidogo, yaani uhai wake umebaki mwingi kuliko wako, anajikunja kwenye kona anablok mpaka taimu iishe, na huo ndo uchezaji wa kuchosha kuliko wote. Kweli kwenye zile za mwanzo ukishadakwa umeumia, ndo maana Capcom, wenye gemu yao, kwenye Super Street Fighter II Turbo ya 1994 wakaweka njia ya kupunguza maumivu ukibonyeza kwa wakati, lakini kudaka kwenyewe hawakukutoa.

Vitu vya kupigwa marufuku vipo ila ni vichache. Hiyohiyo Turbo ina mpiganaji anaitwa Akuma, anarusha mipira ya moto akiwa hewani na wenzake hawana jibu la maana, kwa hiyo mashindano yakamfungia. Hapo sawa, maana ukimruhusu wote mtamchagua yeye na gemu imekufa, halafu mnakubaliana kabla ya mechi, sio mtu keshapigwa raundi mbili ndo anakumbuka sheria.

Adabu ya kwenye mashine ndo nyingine, na hiyo usiichezee. Marekani ukitaka kucheza ulikuwa unaweka koini yako pale kwenye mashine, hiyo ndo foleni, aliyeshinda anabaki aliyepigwa anatoka anampisha mwenye koini, na hakuna aliyeiandika popote ila ole wako uiruke. Usimsukume mwenzio mkono, usimpigie kelele za sikioni anapotaka kutoa kombo, yale mapigo ya mfululizo, na kama ni mtoto anajifunza mwachie walau raundi moja, hutapungukiwa kitu, koini yake ni hela kama yako.

Na huyo aliyegoma mwambie achague mpiganaji anaitwa Ryu. Akishablok kile kiteke chako asibaki amekaa, apige Shoryuken palepale, ile ngumi ya kuruka juu, fimbo mbele, chini, chini-mbele na kitufe cha ngumi, akiiwahi utaruka wewe.