Makofi Sita kwa Neno la Silabi Nne

Wiki hii nimeketi nyuma ya madarasa ya walimu wapya wa matamshi, nami nimelisikia tena neno la Kiingereza trapezoidal, kivumishi cha trapezoid (jina la umbo la pande nne), likikatwa vipande sita: tra-pe-zo-i-da-li. Vijana wangu, silabi zake ni nne. Nawapenda, lakini masikio yangu yamechoka.

1. Hesabuni sauti, msihesabu herufi. Kwa kuwa katika Kiswahili kila irabu hubeba silabi yake, ulimi wetu huzitenganisha o na i bila hata kuulizwa, ilhali hapa ni irabu unganifu inayotamkwa kwa mkupuo mmoja: zoi. Mwaka wangu wa kwanza nililikata neno hilo ubaoni kwa chaki ya rangi, nikaongeza irabu mwishoni ili l isibaki mkiwa, kisha nikaliamuru darasa zima lipige makofi sita. Mkazo, kwa mazoea yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ukaangukia da. Tulirudia mpaka ikawa ngoma. Ndipo nikawasha rekodi ya kuthibitisha, na msemaji akamaliza neno sisi tungali kwenye kofi la nne. Nikasema kwamba anaharakisha. Nikairudisha rekodi, naye akamaliza palepale. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, makofi yaliyobaki tuyapeleke wapi?" Nilifuta ubao polepole sana, kama mtu anayetafuta jibu chini ya vumbi la chaki. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mazoea yaleyale yangeniokoa: ukikata tra-pe-zoi-dal, silabi ya pili kutoka mwisho ni zoi, na ndiyo yenye mkazo mkuu.

2. Nomino isiwahadae. Katika trapezoid mkazo mkuu uko mwanzoni. Kivumishi huuhamishia zoi, kama rhomboid inavyozaa rhomboidal.

3. Katika alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, alama ya mkazo hutangulia silabi yake. Msiibandike nyuma.

4. Irabu ya silabi ya pili na ya mwisho ni hafifu, msiipigie kelele.

5. Nukta za kamusi za Kimarekani, trap·e·zoi·dal, huonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwishoni mwa mstari, wala si lazima zilingane na mgawanyo wa sauti. Aliyenikunjia uso jana kwa kuwa nilisema tra ilhali kamusi yake imeandika trap, sasa aukunjue.