Mwanangu, kuhusu hiyo viza

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya tatu ndio nikavaa miwani. Unaniuliza ufunge ndoa na huyo kijana Mjerumani haraka haraka kabla viza yako ya au pair, ya kukaa na familia ya huko ukiwalelea watoto, haijaisha, ama usubiri mtoto azaliwe ndio ubadilishe kibali. Nilianza kukujibu kwa voisi nikafuta, nikaanza tena nikafuta, nikaona heri niandike kwa sababu kwa voisi ntalia, na wewe ukisikia nalia unafikiri nimekasirika. Sijakasirika. Nilikasirika siku mbili ile wiki ya kwanza, zikaisha.

Mimi nina swali lingine. Ameshasaini?

Ya ndoa bado sijafika huko. Nauliza ile karatasi ya kukubali kwamba yeye ndiye baba. Si ulinieleza mwenyewe kwamba huko Ujerumani mnaweza kwenda Jugendamt, ile ofisi yao ya mambo ya watoto, hata kabla mtoto hajazaliwa, wewe na tumbo lako, yeye anasaini kwamba mtoto ni wake, wewe unasaini kwamba umekubali, na hamlipi hata senti. Sasa tumbo ni la miezi sita na bado unaniambia "tutaenda, ana kazi mingi." Kazi gani hiyo? Mdomo hauna muhuri.

Najua utasema Mama ameanza. Ndio, nimeanza.

Hayo maneno unajua niliyatoa wapi? Sikuyatunga. Mwaka wa 1999 ulikuwa na wiki tano nikakubeba kwenda kukuandikisha cheti cha kuzaliwa, na baba yako alikuwa ameniahidi tutakutana hapo saa tatu asubuhi. Ulivaa ile sweta ya njano nyanyako alifuma, ile ya mkono mmoja mrefu. Nikakaa kwa benchi. Saa tatu, saa nne, saa saba wakafunga wakaenda kula wakarudi, mimi niko tu nakunyonyesha chini ya leso. Saa nane akatokea yule rafiki yake wa baiskeli akasema, "Amesema uandike tu jina lake, yeye hana neno." Nikainuka nikaenda dirishani na furaha, mpaka leo naona haya nikikumbuka hiyo furaha. Karani akauliza cheti cha ndoa. Sina. Baba mwenyewe yuko wapi aje muombe pamoja? Nikasema amenituma. Akanitazama juu ya miwani akaniambia, "Mama, mdomo hauna muhuri," akageukia taipureta na pale pa jina la baba akapiga X nne. Ta, ta, ta, ta.

Na hakuwa mtu mbaya yule karani, hapo ndio panauma. Sheria ndio ilikuwa hivyo, kifungu cha 12 cha sheria ya Kenya ya kuandikisha vizazi na vifo, mama kama hajaolewa jina la baba haliingii mpaka baba mwenyewe aombe pamoja naye. Ilikaa hivyo mpaka Mei 2016 ndio Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema hicho kifungu kinapingana na katiba. Nilisikia kwa redio nikipiga pasi, nikaichoma blauzi yako ya shule, ile uliniuliza imechomekaje nikakudanganya ni stima. Nikakuambia twende tukaulizie, ukasema "Mama wachana nayo, sisi tuko sawa." Nikawachana nayo. Labda ningekulazimisha. Ama labda ulikuwa na akili kunishinda, kwa sababu ningeenda kuandika nani, mtu aliyekuja kukuona mara mbili na mara moja kati ya hizo alikuwa anauza saa?

Hapo sasa najichanganya mwenyewe. Babu yako hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa, na ndiye aliyekubeba mabegani kukupeleka hospitali usiku ule wa mafua ya kifua. Kwa hivyo karatasi haimfanyi mtu baba, nakubali, usinijibu hiyo. Lakini babu yako hakuhitaji viza kukaa na watoto wake. Wewe unahitaji.

Wacha niseme vile nimeelewa, unirekebishe. Mtoto akizaliwa na baba Mjerumani ambaye amesaini, anakuwa Mjerumani tangu siku anazaliwa, mmeoana hamjaoana. Na wewe kama mama unayemlea mtoto Mjerumani unaomba kibali cha kukaa kwa ajili yake, na hicho hawakukatalii ati kwa sababu huna mshahara. Kama hamjaoana, yote yananing'inia kwa hiyo sahihi moja. Ikikosekana, huyo mtoto ni mgeni hapo kama mamake.

Ndoa nayo ina foleni yake. Ofisi ya ndoa wanataka cheti chako cha kuzaliwa, wanataka karatasi ya kuonyesha hujaolewa, halafu uliniambia wanavituma huku vihakikiwe, miezi inaenda, na tumbo huwezi kuliambia lisubiri. Halafu hiyo viza ya au pair ni mwaka mmoja, haiongezwi. Tafadhali usiiache iishe ukingoja mtu amalize kazi. Peleka ombi kabla ya tarehe, wakupe ile karatasi yenye jina refu kama treni ya mizigo, inayokushikilia mpaka waamue. Ombi gani hasa uandike wakati mtoto bado yuko tumboni, hapo usinisikilize mimi wala wale wa grupu ya WhatsApp, nenda kwa wale washauri wa wajawazito wa Caritas ama Diakonie, yale mashirika ya misaada ya makanisa, ni bure. Na uende na yule mama wa kanisani anayejua Kijerumani cha ofisi, chako ni cha kubembelezea watoto.

Kitu kingine, huko Jugendamt wanaweza kuwaletea karatasi ya pili, ya kulea mtoto kwa pamoja. Hiyo isome, ulale uamke. Kama hamjaoana na hujaisaini, haki ya malezi iko kwako peke yako. Sikwambii umnyime, anaonekana mtu wa kushika mtoto vizuri. Lakini usome.

Haya, kuolewa. Niliapa sitasema kitu. Nilimuona kwa video ukitapika, amekushika nywele na mkono mmoja na simu na mwingine, hata hakujua namuona, hiyo nikaiandika moyoni. Halafu nilimuuliza habari ya Jugendamt ukanitafsiria kitu kifupi sana, na yeye alikuwa amesema maneno marefu. Hiyo pia nimeiandika. Ungeniuliza kama naona... lakini si ndio umeniuliza. Kuolewa kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwa pasipoti, mimi... basi. Aki sisemi. Wewe ndiye unaishi naye, mimi naona tu kile simu inanionyesha.

Cheti chako chenyewe nimekitoa kwa sanduku la bati nikakiweka kwa plastiki. Kikifika usikikunje tena pale katikati, X ya pili imeanza kupasuka. Niambie nikitume kwa posta ama nimpe mamako mdogo akisafiri, mimi naona bora mamako mdogo, angalau huyo naweza kumpigia simu kila saa.

Na siku mtatoka Jugendamt nitumie picha. Ya tumbo nimeona za kutosha. Nataka ya karatasi, uipige karibu, nisome jina.

Mama