Maswali ya Jikoni: Vipande vya Nguru na Mchuzi wa Tui

Nikimgeuza nguru kikaangoni anavunjika, na viungo vyote vinabaki chini. Nakosea wapi? (Msomaji, Kisauni)

Swali hili haliishi kuletwa, na jibu halijabadilika: samaki wako anaingia kwenye mafuta akiwa na maji. Mtie chumvi na ndimu, mwache robo saa, kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Hapo ndipo umpake viungo, navyo viwe vimekorogwa kwa mafuta kidogo, si kwa maji. Mafuta yakipata moto sawasawa, mlaze na umwache. Akishaiva upande wa chini hujiachia mwenyewe. Anayemchokoachokoa kila mara ndiye anayemvunja.

Na mwambie muuzaji akukatie vipande vya unene wa kidole gumba. Vile vyembamba hukauka kabla viungo havijaiva. Kipande kinene kiasi hicho kinataka dakika tatu au nne kila upande, basi. Atamalizikia kwenye mchuzi.

Nimroweke kwa ndimu usiku kucha ili viungo viingie? (Tudor)

Hapana. Ndimu humwivisha kabla ya moto, na asubuhi utakuta nyama nyeupe, ngumu na kavu. Isizidi nusu saa.

Mchuzi wangu wa mboga hukatika kila nikitia tui. Natumia karoti, pilipili boga na nyanya. Jirani ameniambia nizidishe unga wa ngano. (Mama wa watoto watatu, Likoni)

Mwenzangu, unga uache pale pale ulipo. Utaushika mchuzi, lakini utakula uji wenye rangi ya manjano.

Tui hukatika kwa sababu mbili kubwa: moto mkali na uchachu. Mafuta ya nazi yameshikamana na maji kwa protini za nazi yenyewe. Ukilichemsha kwa fujo, au ukilikutanisha na nyanya mbichi na ndimu, huachana. Kwa hiyo kaanga vitunguu mpaka vilainike, tia saumu, tangawizi, jira na manjano, halafu nyanya. Nyanya zipike hasa, mpaka mafuta yaelee juu na uchachu upungue. Hapo tia karoti na pilipili boga zilizokatwa ndogo, na tui jepesi la mkamuo wa pili, uache ziive. Anayetaka mchuzi laini asage nusu ya mboga hizo na kuzirudisha sufuriani: huo ndio uzito wako, bila unga wowote.

Kasimile, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, ndiyo ya mwisho. Punguza moto, imimine huku ukikoroga kwenda upande mmoja, usifunike sufuria. Ikianza kufurukuta pembeni, walaze samaki ndani kwa dakika mbili na uzime jiko. Ndimu ya mezani kila mtu ajikamulie kwenye sahani yake.

Nazi ichague kwa sikio: itikise, usikie maji. Iliyo kimya ipite.

Tui la pakiti je? (Bamburi)

Linafaa siku huna nafasi. Tikisa pakiti kabla ya kufungua, na litie mwisho kama kasimile.

Nilikula jodari wa viungo nyumbani kwa shangazi. Baada ya nusu saa uso uliniwaka, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio. Nina aleji ya samaki? (Kijana, Changamwe)

Mwanangu, huenda, na daktari ndiye wa kukupima. Lakini waulize kwanza waliokula nawe: kama nao waliwashwa, mshuku samaki kabla ya kujishuku. Jodari, nguru na vibua, nyama yao ina kitu kiitwacho histidini. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hukigeuza kuwa histamini, na hiyo ndiyo huleta uso mwekundu, muwasho, kuumwa kichwa na hata kuhara. Kukaanga hakuiondoi. Kumgandisha kwenye friza baadaye hakuiondoi. Wala pua haitakwambia kila mara, maana samaki anaweza kuwa nayo na bado akaonekana mzuri. Wakati mwingine ulimi huhisi ukali kama wa pilipili, na kwenye samaki aliyejaa viungo nani atautambua?

Ndiyo maana siachi kusema: viungo si vya kufichia samaki aliyelala. Nunua asubuhi, kwa muuzaji mwenye barafu ya kutosha, si aliyemwagia samaki maji ili ang'ae. Nunua ukiwa umemaliza shughuli zako, usizunguke naye Marikiti saa mbili kwenye mfuko wa joto. Nyumbani aingie friji mara moja, penye nyuzi 4 au chini yake. Aliyeganda ayeyukie ndani ya friji, si juani kwenye sinki. Na akitokea mtu anayevimba midomo au kupumua kwa taabu, msimpe maziwa wala mkaa, mkimbizeni hospitali.

Kusi likivuma nguru huwa ghali. Nitumie samaki gani? (Mji wa Kale)

Kweli, bahari ikichafuka vyombo vidogo haviendi mbali, na bei hupanda. Kolekole na tewa hukatika vipande vizuri na hustahimili mchuzi. Sulisuli pia, ila mwili wake hukauka upesi, mpunguzie dakika moja kikaangoni. Ukipata kichwa cha tewa kwa bei nzuri, usikiache: mchuzi huu huu, tui jepesi lizidi kidogo, na sima. Changu na tafi waacheni wazima, ni samaki wa kupaka, yaani wa kuchomwa na kupakwa tui.