Fundi, Gia Boksi Ishushwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya gia za mkono, nimeinunua mwaka jana kwa mtu. Kila asubuhi nakuta tone la mafuta kwenye sementi, upande wa betri, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Fundi wa kwanza alipaka silikoni nyeusi kuzunguka swichi fulani yenye waya mbili. Pakakauka siku nne, kisha yakarudi. Wa pili anasema gia boksi ishushwe na sili zote zibadilishwe, na bei aliyonitajia inapita mshahara wangu wa mwezi. Halafu taa za rivasi nazo siku hizi zinawaka zikitaka. Mume wangu ana boksi la spana na mimi siogopi grisi. Tunaweza kuifanya wenyewe nyumbani?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mnaweza. Na jibu umelileta mwenyewe bila kujua, pale mwishoni ulipotaja taa za rivasi kama jambo la pembeni.

Swichi hiyo yenye waya mbili ndiyo inayowasha taa za rivasi. Imefungwa kwa nyuzi, ile mistari ya kuzungusha kama ya skrubu, kwenye ganda la gia boksi, na ncha yake inachungulia ndani. Ukiingiza rivasi, mtambo wa gia unaisukuma ncha, umeme unapita, taa zinawaka. Sasa, oili ina njia mbili za kutokea hapo. Ya kwanza ni kati ya swichi na ganda, ambako kuna washa, yaani kipete cha chuma laini kinachobanwa kikaziba. Ya pili ni katikati ya swichi yenyewe, pale chuma kinapokutana na plastiki na waya zinapoingia. Swichi ikizeeka, pale panalegea: oili inapenya na taa zinaanza kubahatisha. Yako inafanya yote mawili. Ningekuwa mimi, pesa yangu ningeiweka kwenye swichi mpya na washa mpya, basi.

Lakini kwanza hakikisheni. Sitaki ununue swichi kwa maneno yangu halafu oili iwe inatoka kwingine. Oili ya gia ina salfa, kwa hiyo inanuka kama yai viza. Pakeni kidoleni mnuse. Ikiwa nyeusi na inanuka moshi, hiyo ni ya injini, imeteremka kutoka juu. Kisha osheni eneo lote kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, injini ikiwa baridi, pakauke kabisa, mnyunyizie poda ya mtoto. Endesha kilomita kumi, urudi na tochi. Kwenye poda nyeupe oili huacha njia kama ya konokono, nawe unaifuata mpaka kichwani. Tazama juu, usitazame tone. Upepo wa barabarani huisukuma oili ya swichi mpaka chini kwenye maungio ya injini na gia boksi, na fundi mwenye haraka akiona pale pamelowa anasema "shusha". Simwiti mwizi huyo wa pili. Poda ikionyesha kwamba oili inaanzia kwenye maungio hayo hasa, hapo maneno yake ni ya kweli na hakuna njia ya mkato.

Silikoni ya juu kwa juu mimi siipendi hata kidogo. Oili iko upande wa ndani, inaisukuma nje. Umeipaka nje, juu ya mafuta. Itashika vipi? Siku nne ni nyingi.

Kabla ya kugusa swichi, fungueni plagi ya kujazia oili. Ndiyo, hiyo kwanza, hata kama hamna mpango wa kumwaga. Kwenye gia boksi hizi ni plagi ya ubavuni, mara nyingi ya spana 24, na ya kumwagia iko chini yake. Nilipokuwa kijana, gereji ya Ngamiani, Tanga, nilimwaga oili yote ya gari la mteja ndipo nikaenda kufungua ya juu. Imeota kutu, haisogei. Gari likakaa siku tatu juu ya stendi, mteja anakuja kila jioni anasimama tu, hasemi neno. Afadhali angenitukana.

Mkiingia chini, gari liwe sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa, kigingi nyuma ya tairi, na uzito ukae kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tofali nalo hupasuka bila kuaga.

Tena huenda msihitaji kulala chini. Toeni betri (waya wa hasi kwanza) na sahani yake, boksi la hewa likizuia nalo mlisogeze. Mtaona gia boksi kwa juu. Tafuteni kitu chenye pembe sita kilichozamishwa kwa nyuzi, kikitoa waya mbili. Kile kingine kilichobanwa na bolti moja ni sensa ya spidi, mkiache. Chomoeni plagi ya waya. Kama plagi imejaa oili ndani, mwalimu, kesi imeisha: oili imepita katikati ya swichi.

Osheni tena kuizunguka swichi mpaka ing'ae, kwa sababu mchanga wowote uliobaki utaanguka kwenye gia. Ndipo mwifungue kwa spana inayokaa sawasawa. Spana ya kubana itazila pembe na hapo mtaanza kuniandikia barua nyingine. Mara nyingi swichi iko juu ya usawa wa oili, kwa hiyo hamtamwaga mengi. Ndiyo maana gari likisimama linadondosha tone moja tu: oili hurushwa pale juu na gia zinapozunguka. Ikitoka, zibeni tundu kwa kitambaa safi kikubwa. Kitambaa kidogo kitazama ndani, na hapo gia boksi itashushwa kweli.

Nendeni dukani na swichi ya zamani mkononi. Linganisheni nyuzi, urefu wa ncha na umbo la plagi. Ncha ikizidi urefu taa zitawaka muda wote, ikipungua haziwaki kabisa. Mtumba wa kitu hiki usinunue. Utakuwa umenunua uzee wa mtu mwingine. Washa iwe mpya. Ukikosa, na ya zamani ni ya shaba, iweke kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe: inarudi kuwa laini na itabana tena. Ya alumini usijaribu hivyo.

Safisheni uso wa ganda pale washa inapokaa, mabaki ya ile silikoni yote yatoke. Ingizeni swichi kwa vidole mizunguko yote ya mwanzo. Ikigoma, rudisheni nyuma mwanze upya, kwa sababu ganda ni alumini na nyuzi zikichanwa hamna gia boksi. Kukaza ni niutoni-mita 40 hivi. Kama hamna spana ya kupimia, chukueni spana ya sentimita 25: nguvu ya mwisho iwe sawa na kuning'iniza kilo 16 kwenye ncha yake, yaani ndoo ya lita 20 ambayo haijajaa. Mume wako akitaka kuongeza "kidogo tu", mnyang'anye spana.

Mwisho jazeni oili mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la plagi ya ubavuni, gari likiwa limelala sawa. Mbele kukiwa juu ya stendi kipimo ni cha uongo. Gia boksi nzima inachukua chini kidogo ya lita 2. Oili iwe 75W-90. Muuzaji akikupa 140 kwa hoja kwamba ni nzito haitavuja, mrudishie. Asubuhi ya baridi ya Morogoro gia ya pili itakugomea kama punda. Kisha poda tena, kilomita kumi tena.

SWALI: Mimi gari langu ni otomatiki. Swichi iliyo ubavuni mwa gia boksi, inayozuia gari lisiwake likiwa kwenye D, imelowa mafuta mekundu. Nibadilishe swichi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pengine swichi haina kosa. Kwenye Toyota nyingi swichi hiyo imevishwa kwa nje kwenye shafti ya gia, na kinachozuia oili ni sili ndogo iliyo nyuma yake. Sili ndiyo imechoka. Kabla ya kufungua, piga mstari kwa msumari kati ya swichi na ganda ili uirudishe palepale. Ikikaa pembeni kidogo, gari litagoma kuwaka kwenye P, au baya zaidi, litawaka likiwa kwenye gia.

SWALI: Nikizungushia nyuzi za swichi ya rivasi ile tepe nyeupe ya mafundi bomba, si itaziba?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwenye swichi yenye washa, hapana. Nyuzi kazi yake ni kushika, anayeziba ni washa. Vipande vya tepe vikikatika vinaingia kwenye gia boksi, na huko havina kazi. Hiyo tepe kafungie bomba la jikoni.